Mstari wa Ishirini na Nne

4 Februari

Mdogo wangu,

Nakusalimu. Mimi mzima, na mpwa wako mzima. Ameingia kidato cha tatu na sketi ya mwaka jana imeshamkataa. Mjomba goti linamsumbua, lakini mdomo wake haujambo. Nyumba ya mama niliifagia Jumamosi. Paa la jikoni linavuja palepale.

Usifikiri nimesahau. Siku tuliyomzika mama nilikwambia sauti yako sitaki kuisikia, na namba yako nimeifungia kwenye simu mpaka leo. Sijabadilika. Ila maandishi yako naweza kuyavumilia, kwa sababu nayasoma ninapotaka na kuyakunja ninapochoka. Basi usinitafutie njia nyingine. Andika.

Shida yangu ni hii. Unajua mwaka huu natimiza miaka kumi na tisa nikitunza stoo kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Mashuka machafu yanaingia kwa mlango wa nyuma, yanafuliwa, yanakaushwa, yanapita kwenye lile rola kubwa la pasi, halafu yanafika kwangu nayahesabu. Yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyochanika. Yote yamo kwenye madaftari yangu, na sijawahi kupoteza hata foronya moja. Sasa tumeletewa meneja mpya. Tunamwita Kidole, maana anaamuru kwa kidole na kwenye kompyuta anaandika kwa hichohicho kimoja. Ameniwekea kompyuta na printa stoo, akasema mwisho wa Aprili madaftari yanachomwa moto. Kila kitu kitaandikwa kwenye programu ya jedwali, na ijihesabu yenyewe. Asiyeweza, atarudishwa kwenye rola.

Kwenye rola, na mgongo huu! Joto la pale linamkausha msichana wa miaka ishirini, sembuse mimi.

Wewe ndiye mwenye kujua mambo hayo. Mama alikuita Profesa tangu ukiwa bado unalowesha godoro. Haya Profesa, nifundishe. Andika polepole, kama unamwandikia mtu mzima ambaye si mjinga.

Dada yako.


19 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Wifi yako alipouona mwandiko wako kwenye bahasha aliwaita watoto waje waone. Mkubwa ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anapiga miluzi bila kutaka. Mdogo anauliza Shangazi anakaaje. Sote wazima. Kazini nipo kwenye ile kampuni yetu ileile, tunatengenezea watu majedwali, wateja wanakuja na kuondoka.

Kuhusu siku ile ya mazishi, tuiache kwanza. Nimefurahi umeandika. Sitasema zaidi usije ukanikunja.

Somo. Ukifungua programu utaona visanduku vingi, kama rafu za stoo yako. Zinazoshuka ni safu, zina herufi: A, B, C. Zinazolala ni mistari, ina namba. Kwa hiyo kila kisanduku kina jina lake. Safu B, mstari wa 2, hicho ni B2. Huwezi kupotea.

Safu A weka jina la wodi. B mashuka yaliyoingia, C yaliyotoka, D yaliyochanika. Sasa unataka E ikwambie yamebaki mangapi. Bofya E2, uandike hivi:

=B2-C2-D2

Halafu bonyeza kile kitufe kikubwa chenye mshale uliopinda. Itakupa jibu. Kitu cha kushika ni ile alama ya sawasawa mwanzoni. Bila hiyo, programu inadhani unaandika barua, inakuachia maneno yako kama yalivyo. Ukiiweka, inajua umeipa kazi. Kujumlisha ni +, kutoa ni -, kuzidisha ni nyota, kugawanya ni mkwaju.

Usiogope kukosea. Haiwezi kulipuka.

Ndugu yako.


8 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika, na zangu zipokee. Mwambie huyo mdogo kwamba Shangazi ni mfupi, mweusi, ana hasira. Kitanda cha mama nimekihamishia chumba cha mpwa wako. Alikataa kukilalia siku mbili, ya tatu akalala.

Sasa wewe na nyota yako. Nimeitafuta nyota kwenye vitufe nusu saa nzima, nimeinama mpaka miwani ikaanguka, kumbe iko juu ya nane. Ungeshindwa nini kusema iko juu ya nane?

Hata hivyo kazi nimeifanya. Nilichukua kikokotoo changu kile cha siku zote, nikatoa mstari kwa mstari, nikaandika majibu safu ya E yote, wodi thelathini. Ikapendeza. Kidole akapita, akasema, "Safi kabisa, mama." Nikavimba kichwa.

Hazikupita dakika kumi, dobi wa zamu ya asubuhi akaja na mashuka manne yaliyosahaulika ndani ya mashine. Nikabadilisha B9. E9 haikusogea! Nikabonyeza kile kitufe chako chenye mshale, kimya. Nikabonyeza tena kwa nguvu. Ikabidi nipige hesabu upya na kufuta kwa mkono, na Kidole kasimama nyuma yangu anahema. Kompyuta hii ina kiburi, au umenifundisha nusu.

Mwisho wa Aprili uko mlangoni. Nijibu haraka.

Dada yako.


24 Machi

Dada,

Shikamoo. Huku mvua, watoto wana mafua, wifi yako anakusalimu sana.

Nimecheka peke yangu ofisini mpaka mwenzangu akaniuliza kulikoni. Kompyuta haina kosa, Dada. Umeandika jibu, hukuandika fomula. Umeifanyia kazi yake halafu unailaumu kwamba haifanyi kazi!

Ushike hili kuliko yote niliyokwambia. Kisanduku kinaweza kuonyesha 12, na nyuma yake pasiwe na chochote. Ukitaka kujua, bofya kisanduku, kisha tazama ule ukanda mweupe juu ya jedwali. Ukiona inaanza na alama ya sawasawa, hiyo hesabu ni ya kweli, ina mizizi yake. Ukiona namba tupu, ujue kuna mtu kaipachika kwa mkono. Sisi kazini tukikagua jedwali la mtu, hicho ndicho cha kwanza kutafuta. Namba ya kupachika ni uongo hata kama ni sahihi.

Na huna haja ya kuandika mara thelathini. Andika fomula E2 tu. Kwenye kona ya chini ya kisanduku, upande wa kulia, kuna kidoti. Kishike na kipanya, kivute mpaka mstari wa 31. Itajiandika yenyewe, na kila mstari utajihesabia vyake. Ukitaka jumla ya yote, chini kabisa andika =SUM(E2:E31). Hizo nukta mbili maana yake ni "kuanzia hapa mpaka pale".

Neno moja la pembeni. Zile siku ulizokaa hospitali na mama, kazini kwenu ziliandikwaje? Zilikuwa ngapi hasa? Nauliza tu.

Ndugu yako.


15 Aprili

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Nanyi poleni na mafua.

Unauliza tu.

Arobaini na moja. Zilikuwa arobaini na moja. Bosi wa zamani aliniruhusu kwa mdomo, akaniambia, "Nenda kamuuguze mzazi wako, kazi utaikuta." Alinena vizuri, lakini hakuandika popote, na akastaafu. Kwenye rejista ya mlango zimeandikwa "hakuja", arobaini na moja, moja chini ya nyingine. Umeridhika?

Sasa na mimi nikuambie bila kuulizwa. Nilikuwa namgeuza mama kila baada ya saa mbili asitoke vidonda. Nilikuwa namlisha uji kwa kijiko cha mtoto. Na kila jioni muuguzi akiwasha taa, mama aliuliza, "Profesa amefika?" Nikamwambia basi limeharibika njiani. Kesho yake akauliza tena, nikamwambia basi limeharibika. Basi gani linaharibika siku arobaini na moja? Mwishoni alikuwa anauliza huku ananionea huruma, kwa jinsi nilivyokuwa nadanganya vibaya.

Wewe ukafika siku ya mazishi, na begi la kompyuta begani. Udongo haujakauka, nakukuta umekaa kwenye ngazi za nyuma unamalizia jedwali la watu. Ukaniambia, "Dakika mbili tu, Dada." Hizo dakika mbili ndizo zilizonifunga mdomo mpaka leo. Nilitaka kuirusha ile kompyuta kisimani.

Basi, nimesema. Kifua kimepungua uzito kidogo.

Nikushukuru pale unapostahili. Nimevuta kile kidoti na safu yote imejaa yenyewe. Nilipiga kelele mpaka wa kwenye rola wakaja mbio wakidhani nimeungua. Majibu ya kupachika nimeyafuta yote. Sasa mashuka yakisahaulika kwenye mashine nabadilisha namba moja, na jumla ya chini inajisogeza. Madaftari yamechomwa nyuma ya boila wiki iliyopita, hata mwisho wa Aprili haukungojwa. Nilisimama nikayaangalia, nikaumia, nikarudi kwenye kiti changu. Wa vitengo vingine wanakuja kuniuliza. Kidole ananiita Mama Jedwali. Kwenye rola sirudi.

Dada yako.


2 Mei

Dada,

Shikamoo. Watoto wamepona.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliisomea bafuni, nimefungulia maji ili wasinisikie. La mama sina utetezi. Nilikuwa na mkataba mpya, nilijiambia nitakuja Jumamosi, na kila Jumamosi ilikuwa na neno lake. Hayo ndiyo yote.

Nataka ujue jambo moja. Kuhusu kazi yako, mwaka huu usiwe na wasiwasi. Usiniulize najuaje. Nimeshughulikia. Na ukikutana na kitu kwenye majedwali ya hapo kazini ambacho hukielewi, niandikie kwanza.

Nakupenda, ingawa najua hutaki kusikia.

Ndugu yako.


20 Mei

Mdogo wangu,

Amani iwe kwenu. Mjomba goti limepoa, sasa anatafuta ugomvi na majirani. Mpwa wako amekuwa wa pili darasani kwenye hesabu, na kisa chake nitakueleza: nilimfundisha fomula, akamsahihisha mwalimu.

Barua yako ya mwisho sikuielewa. Umeshughulikia nini, na wewe uko mbali hivyo? Eti nikikutana na kitu nikuandikie kwanza! Nikae wiki mbili kidole mdomoni nikingoja posta? Nisikilize basi, uone kama mwanafunzi wako anahitaji kusubiri.

Jumatatu Kidole alikuja stoo na flashi. Akasema, "Mama Jedwali, hii ni tathmini ya wafanyakazi, wametutengenezea wataalamu wa nje. Kagua kama imekaa sawa, chapa nakala tatu, niletee nisaini." Hajui kukagua, na printa iko kwangu.

Nikafungua. Wafanyakazi sitini na wawili, hakuna majina, namba za kazi na vitengo tu. Safu ya C alama za utendaji, zile alizotupa msimamizi. Safu ya D siku ambazo mtu hakuja. Safu ya E alama za mwisho. Nikabofya E2, nikatazama ukanda wa juu:

=C2-D2*2

Nyota naijua sasa. Maana yake kila siku uliyokosa unakatwa mara mbili. Nani mwenye roho hiyo sijui, lakini angalau ni hesabu. Nikaenda mstari kwa mstari, E3, E4, E5, zote zina alama ya sawasawa. Nikafika mstari wa ishirini na nne. Namba ya kazi 117. Huyo ni mimi. Utendaji 91, hakuna aliyenizidi. Siku nisizokuja, 41, unazijua. Alama za mwisho, 64.

Nikabofya. Juu pale, 64 tupu. Imepachikwa.

Kuna mtu ananitega, nikasema moyoni. Jedwali limepita mikononi mwangu, na kati ya mistari sitini na miwili, namba pekee ya kupachika ni ya kwangu. Kesho akija mkaguzi anabofya kama nilivyobofya mimi. Nani ataamini kwamba si mimi niliyejiongezea? Miaka kumi na tisa bila kupoteza foronya, nije niitwe mwizi wa namba!

Sikungoja. Nikashika kidoti cha E23, nikakivuta chini mstari mmoja. 64 ikaondoka, ikaja 9.

Tisa. Iliniuma, nisikufiche. Nilikaa nikaitazama kama mtu aliyetukanwa. Lakini tisa ni hesabu, na ile nyingine ni uongo. Ni wewe uliyeniambia. Nikachapa. Kidole nikamweleza, "Mstari wa ishirini na nne ulikuwa na kosa, nimelirekebisha." Akaitazama karatasi, akanitazama mimi. "Una uhakika, mama?" Nikamfafanulia habari ya namba za kupachika, kwa maneno yako mwenyewe. Akachukua kalamu, akasema, "Wewe ni mtu mwaminifu," akasaini.

Nimeandika haya kwa sababu nilitaka ujue somo lako limeingia. Juzi nilimsikia mpwa wako akimwambia rafiki yake, "Mama kafundishwa na Mjomba," yaani wewe. Hakukuwa na ubaya ndani yake, nami sikumkatiza. Labda hii namba yako nitaifungua siku moja. Si leo.

Dada yako.


3 Juni

Dada,

Barua yako imefika leo saa nne asubuhi. Nimeifungulia mapokezi, nimesimama.

Nimeazima simu ya mwenzangu nikakupigia. Ulipokea. Nikasema "Dada", ukakata. Nikapiga tena, haikuita. Nikampigia Mjomba nikamwambia nataka kuongea na wewe, akasema, "Mambo yenu malizaneni wenyewe." Sikumwambia ni jambo gani. Niliona aibu.

Wataalamu wa nje ni sisi. Jedwali lile ni langu. Wenye kiwanda chenu walikuja kwetu Machi, walitaka orodha ya watu wa kupunguza. Aliye chini ya hamsini anaondoka. Nilitengeneza fomula kwa kutazama idadi ya wanaoanguka tu, kabla sijatazama mstari wa mtu yeyote, nakuapia. Halafu nikaona mstari mmoja wenye siku arobaini na moja, na utendaji 91, mtu wa stoo. Ndiyo maana nilikuuliza. Ulipojibu, nilikata shauri. Nikafuta fomula kwenye mstari wako nikaandika 64. Nilichagua 64 kwa sababu haivuti macho.

Sikukwambia, kwa sababu ningekwambia ningelazimika kusema na yale mengine. Na hiyo mara mbili unayouliza ni roho ya nani, ni yangu. Walitaka waondoke watu kumi au zaidi. Ukikata mara moja, wanaanguka wanne tu. Nikaweka mbili, wakaanguka kumi na moja bila wewe. Mteja akafurahi.

Dada, nakuomba, nenda kwa Kidole leo hii. Mwambie faili liliharibika wakati wa kuchapa, mwambie lolote. Mimi nikimwandikia ataniuliza 117 ni nani wangu, na hapa nitapoteza kazi. Ningepanda basi nije mwenyewe, ila wiki hii tuna kikao na mteja mwingine. Wiki ijayo nikipata nafasi nitakuja.

Nisamehe.

Ndugu yako.


29 Juni

Mdogo wangu,

Nakusalimu, na wifi yangu, na watoto. Mjomba mzima. Mpwa wako mzima, ingawa ameacha kuimba jikoni.

Barua yako niliipata tarehe kumi na saba. Kidole alitusomea tarehe sita, uani, kwenye kamba za kuanikia, mashuka yameanikwa pande zote. Hakusema majina. Alisoma namba kumi na mbili, na kila aliyeitwa alisogea mbele. Nilikuwa nimesimama na wa kwenye rola, nawasikitikia wengine. Alipofika kwangu alisita, akakisogeza kidole kwenye karatasi, akarudia: "Mia moja na kumi na saba." Nikadhani anataka nimletee nakala. Nikasogea nikamwambia, "Nikuletee nakala ipi?" Watu wakanyamaza. Ndivyo nilivyojua, kwa ukimya wa watu.

Nimerudisha funguo za stoo. Msichana wa mapokezi ndiye anayekaa kwenye kiti changu, na jedwali analotumia ni lile nililotengeneza mimi.

Simu yako niliikata. Hilo ni langu, na nitalibeba. Huna haja ya kunikumbusha. Ila usinitwike na mzigo wako. Siku ile unanipigia, karatasi zilikuwa zimesainiwa wiki mbili nyuma. Neno lako lilihitajika tarehe mbili Mei. Nimeitoa ile barua nikaitazama tena: umeandika nusu ukurasa, nusu iliyobaki ni nyeupe. Pale palitosha. "Usiguse mstari wa ishirini na nne." Maneno sita. Uliniambia unanipenda, na la kuniokoa ukalimeza. Umenisaidia kwa kujificha, kama mwizi, na mimi nikaukamata msaada wako kama mwizi, kwa mbinu ulizonifundisha wewe. Sijui nicheke au nifanye nini. Nimelia, kama ulitaka kujua.

Kwa Kidole sikwenda. Ulitaka nikamdanganye mimi, ili wewe usiulizwe.

Na basi sijaona. Wiki ijayo yako imepita mara tatu.

Sasa somo, zamu hii kutoka kwangu. Nimekaa kwenye duka la kuchapisha karibu na shule. Mwenye duka ameniazima kompyuta, namfundisha SUM kama malipo. Kwanza nilichukua fomula yako, nikafuta mbili nikaweka moja. Tisini na moja kutoa arobaini na moja. Ikaja hamsini kamili, na uliyesema anaondoka ni aliye chini ya hamsini. Ningebaki, mdogo wangu. Nilibonyeza mara nyingi nikidhani nimekosea.

Halafu nikaiacha mbili yako kama ilivyo, nikatengeneza jedwali langu. Lina visanduku viwili tu. A1 ni siku ambazo wewe ulikuja kumuuguza mama, maana kila siku ambayo ungekaa wewe, mimi ningekwenda kazini. B1 nimeandika hivi:

=91-(41-A1)*2

Ukiweka ishirini na moja, yaani nusu yako na siku moja ya ziada kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa ukiulizwa, B1 inaleta hamsini na moja. Ningepita hata kwa mara mbili yako, bila uongo wa mtu yeyote. Ukiweka sifuri, inaleta tisa.

Sikukuchapia, kwa sababu karatasi haina kitu nyuma yake. Nimekuwekea kwenye flashi, imo humu ndani ya bahasha, nimeizungushia kipande cha shuka isivunjike. Fungua, bofya B1, tazama ukanda wa juu, uhakikishe mwenyewe kwamba sikupachika. A1 nimeiacha wazi. Namba ya kuweka mle unaijua, na ni wewe wa kuiandika.

Dada yako.